Kesingi ya kisima inavuja: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimefanya kazi za kurekebisha visima vya mafuta na gesi kwa miaka kadhaa, nyingi jangwani Oman, na kila nikirudi likizo naulizwa yaleyale, na wanafunzi, na majirani, hata na shemeji zangu. Nimeyaweka hapa yote pamoja. Nimetumia maneno tunayoongea kazini, usinishike sana kwenye tahajia.

Kwanza kesingi ni kitu gani?

Ni bomba la chuma linaloshushwa kwenye shimo lililochimbwa ili udongo na mwamba usiporomoke, halafu nyuma yake, yaani kati ya bomba na mwamba, inapigwa simenti. Haiwi moja. Ya kwanza ni pana na fupi, ndani yake inapita nyingine nyembamba inayoenda chini zaidi, na ndani yake nyingine tena. Katikati kabisa kuna tyubingi, ndiyo inayopitisha gesi au mafuta kuja juu. Ile nafasi kati ya bomba na bomba tunaiita anulasi, ya ndani kabisa ni A, inayofuata B, halafu C, na kila moja ina geji yake pale juu kwenye kichwa cha kisima. Kipande kimoja cha kesingi ni kama mita 12, kwa hiyo kisima cha mita 2,000 kina vipande zaidi ya 160 vilivyounganishwa kwa nyuzi, na kila ungio ni sehemu inayoweza kuvuja. Watu wanafikiria tundu tu, wanasahau maungio.

Chuma kizito vile kinavujaje?

Kutu ndiyo mama yao. Kutu ya ndani inaletwa na hewa ukaa iliyochanganyika na maji, au gesi ile ya harufu ya mayai viza, na kutu ya nje inaletwa na maji ya ardhini kule ambako simenti haikufika. Wapo hata bakteria wanaokula chuma, sio utani, ngoja nifike kwenye swali la Aliso Canyon, ule mvujo mkubwa wa gesi wa Marekani. Kuna nyuzi zilizokazwa vibaya siku ya kwanza kabisa, kuna kesingi iliyosuguliwa na mabomba ya kuchimbia yakizunguka wiki nzima ndani yake, kuna ardhi inayosogea, kuna joto na baridi kupokezana, chuma kinatanuka na kusinyaa mpaka ungio linalegea. Pia kuna kosa la kuchagua chuma. Ile namba kwenye jina la kesingi, J55, N80, P110, inakwambia nguvu yake kwa maelfu ya psi, kipimo chetu cha presha, 80 ni elfu themanini, lakini chuma chenye nguvu sana sio lazima kiwe ndicho kinachovumilia kutu, hapo ndipo wengi wanapopotea.

Mnajuaje kama inavuja wakati yote iko chini ya ardhi?

Geji ndiyo inaanza kusema. Unakuta anulasi A ina presha, unafungulia inashuka mpaka sifuri, unafunga, unaenda kunywa chai, ukirudi imepanda tena. Presha ya namna hiyo ina mahali inakolishwa. Ingekuwa ni joto tu limetanua maji ya ndani, ukishaiachia haipandi tena kwa kasi hiyo. Dalili nyingine ni kisima kilichokuwa kinatoa mafuta mazuri ghafla kinatoa maji mengi, au maji yenye chumvi ya aina nyingine, hiyo mara nyingi ni maji ya mwamba wa juu yamepata mlango. Na kama ukiona mapovu kwenye dimbwi pembeni ya kichwa cha kisima baada ya mvua, usipige picha ukaenda zako, toa taarifa.

Presha ikionekana tu lazima kisima kifungwe?

Hapana. Visima vingi duniani vinaishi na presha kidogo kwenye anulasi na vinafuatiliwa tu. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, ilitoa mwongozo wake wa RP 90 mwaka 2006 kwa visima vya baharini, na kipimo kinachojulikana sana kule ni kwamba kama presha iko chini ya asilimia 20 ya ile inayoweza kupasua bomba, na ikiachiliwa kupitia valvu ndogo ya nusu inchi inafika sifuri ndani ya saa 24, basi unaweza kuendelea kuichunga. Ikigoma kushuka, hapo ni kazi. Wanorwe wao na kiwango chao cha NORSOK D-010 wanataka siku zote uwe na kuta mbili kati ya gesi na dunia, ukuta mmoja ukifa huruhusiwi kujifanya hujaona.

Tundu mnalipataje sasa?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na mimi nitasema hivi mpaka nistaafu, kuziba ni rahisi kuliko kutafuta. Nimeona simenti nyingi nzuri ikimwagwa mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Njia ya kwanza ni kushusha vifaa kwa waya. Kuna cha kupima joto, kwa sababu gesi ikipenya tundu inatanuka na kupoa, kwa hiyo unaona mstari wa joto umejikunja pale. Kuna cha kusikiliza, ni maikrofoni tu ya ukali fulani, tundu dogo linapiga mluzi na pana linanguruma. Kuna chenye vidole vingi vya chuma vinavyopapasa ukuta wa bomba kama kipofu na kukuchorea kila shimo la kutu. Kuna cha sumaku kinachopima unene wa bomba mbili tatu kwa mpigo, hicho hata tyubingi ukiiacha ndani kinafanya kazi. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Cha vidole kinakuonyesha shimo, hakikuambii kama limetoboa upande wa pili. Cha kusikiliza kinahitaji tundu liwe linavuja muda huo, ukikishusha kisima kikiwa kimetulia utasikiliza kimya.

Njia ya pili ni ya kizamani na ndiyo ninayoiamini, paka. Sio yule wa nyumbani. Paka ni kifaa chenye mpira unaoshushwa na bomba, ukifika kina unachotaka unaufanya uvimbe ubane kesingi, basi umeigawa kesingi vipande viwili, juu na chini. Unapiga presha juu, tuseme psi 1,000, unakaa na geji dakika 30. Ikishika, tundu liko chini. Ikishuka, liko juu. Unamlegeza paka, unamsogeza nusu ya njia, unarudia, mara nane au tisa umeshalibana tundu ndani ya kipande kimoja cha bomba.

Sasa kisa. Mwaka wangu wa pili tulipata tundu, kwa hesabu ya paka, kwenye mita 1,340. Tukapiga simenti, tukasubiri, tukachimba, tukapima, bado inavuja. Tukapiga ya pili. Bado. Siku tano hizo, na bosi wa kampuni ya kisima anapiga simu kila baada ya swala. Mzee wetu wa zamu, Momani aliyekulia Unguja, alikuja usiku, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba halafu akakaa kimya anasoma karatasi zangu, akasema, "Mwanangu, kisima umekipima, paka mwenyewe umempima?" Tulipomtoa tukakuta mpira wake umekatwa, mkato mdogo tu wa urefu wa ukucha. Alikuwa anavujisha mwenyewe, hapa anashika, pale anaachia. Tundu la kweli lilikuwa karibu mita 300 chini zaidi. Tangu siku hiyo paka yeyote ninayemshusha namjaribu kwanza kwenye bomba ninalojua ni zima, ndipo naanza kutafuta. Dakika arobaini hizo, hazijawahi kuniuma.

Kwani hamuwezi kuchomelea tu kama bomba la maji?

Naulizwa hili kuliko yote na sicheki. Fikiria bomba lenye upana wa ndani kama sentimita 16, tundu liko nusu kilomita chini, ndani kuna maji chumvi na nje kuna gesi. Mkono haufiki, jicho halifiki, na cheche hutaki hata kuziota. Kuchomelea kunawezekana juu kabisa pekee, pale unapoweza kufukua kuzunguka kichwa cha kisima, na hata hapo ni kwa vibali na vipimo vya gesi kila dakika.

Haya, skwizi ya simenti inafanywaje?

Skwizi ni kuisukuma simenti kwa presha ipite tunduni ikae nyuma ya kesingi. Unaweka plagi, yaani kizibo, chini ya tundu, tuseme mita 15, juu yake unamwaga mchanga kidogo ili simenti isije kuing'ang'ania. Unamweka paka juu ya tundu. Halafu unauliza tundu swali moja la maana, unameza kiasi gani? Unasukuma maji na kuangalia. Likimeza mapipa mawili kwa dakika kwa psi 500, simenti ya kawaida itaingia bila shida. Likimeza robo pipa kwa psi 1,500, simenti ya kawaida haitaingia, itakaa mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa, utachimba na kukuta tundu lipo palepale. Hapo unahitaji simenti iliyosagwa laini sana au rezini, aina ya gundi ya majimaji inayoganda.

Simenti tunayotumia sana ni daraja G la API, inachanganywa lita 44 za maji kwa kilo 100, inatoka na uzito wa kilo 1.9 hivi kwa lita. Kabla ya yote maabara inapima itaganda baada ya muda gani kwa joto la kule chini, maana ardhi inaongeza nyuzi joto 25 mpaka 30 kila kilomita na simenti haipendi kushtukizwa, ikiganda ndani ya bomba lako la kazi basi umepata kisima kipya cha matatizo. Kwenye kesingi ya inchi 7 yenye uzito wa paundi 29 kwa futi, kila mita inabeba lita 19 na kitu, kwa hiyo hesabu ya ujazo sio ya kubahatisha.

Kusukuma kwenyewe ni kwa subira. Nusu pipa, unasimama dakika 10 au 15, nusu pipa tena, unasimama. Kila ukisimama, maji ya kwenye simenti yanachujwa na mwamba na inabaki kama ugali unaokaza. Unaiona kwenye geji, mara ya kwanza presha inashuka haraka, mara ya pili inashuka polepole, mara ya nne inasimama. Ukiwa na haraka ukasukuma kwa nguvu zote unapasua mwamba na simenti yote inaondoka kwenda kusikojulikana. Ikishasimama, unaiosha iliyobaki ndani, unasubiri kama saa 24. Mafundi wengi wanaweka sampuli kwenye kikombe wakiipima kwa kucha, mimi pia, lakini kikombe juani hakijui joto la mita elfu moja. Halafu unachimba ile iliyobaki ndani ya bomba, unapima kwa kupiga presha, na kwa kisima cha gesi unapima na kinyume chake, unapunguza presha ndani uone kama kitu kinaingia. Wengi wanaruka hiki cha pili. Tundu linaweza kuzuia kitu kutoka lakini likaruhusu kuingia.

Na hicho kiraka cha chuma?

Ni kipande cha bomba jembamba la chuma kinachoshushwa mpaka kwenye tundu halafu kinatanuliwa kwa ndani mpaka kinabana kesingi ya zamani. Kizuri kwa sehemu ndefu iliyoliwa na kutu, ambako simenti ingehitaji kupigwa mara saba. Ubaya wake unapoteza upana, kama nusu inchi hivi, na kesho ukitaka kushusha kifaa kinene chini ya pale hakipiti. Kuna pia paka wawili, mmoja juu mmoja chini ya tundu na bomba fupi kati yao, hiyo ya haraka na unaweza kuitoa. Au unashusha kesingi nzima nyingine nyembamba ndani ya ile mbovu na kuisimentisha, kisima kinakuwa chembamba ila kipya. Na kama tundu liko juu, juu ya simenti, kuna wanaokata kesingi, wanavuta kipande kibovu, wanarudisha kizima. Hiyo ikifanikiwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Rezini inashinda simenti?

Kwa vitundu vidogo sana na nyuzi zinazovuja, ndiyo, kwa sababu haina chembechembe, inapita popote maji yanapopita. Kuna na dawa nyingine ya maji ambayo inaganda pale tu inapokutana na tofauti ya presha, inafunga tundu kama damu inavyofunga jeraha. Ghali lakini. Na kwa tundu la kidole ni kupoteza hela.

Aliso Canyon ilikuwaje, mbona kila mtu wa fani anaitaja?

Kwa sababu ni kesingi moja ya inchi 7 iliyohamisha familia zaidi ya 8,000. Ni hifadhi ya gesi pembeni ya Los Angeles, kwenye fildi ya mafuta ya zamani. Kisima SS-25 kilichimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta, kikabadilishwa kuwa cha kuhifadhia gesi miaka ya 70. Gesi ilikuwa inapita kwenye tyubingi na pia kwenye ile nafasi ya pembeni yake, maana yake kesingi ndiyo ilikuwa ukuta wa pekee. Valvu ya usalama ya chini ilitolewa 1979 na haikurudishwa. Tarehe 23 Oktoba 2015 gesi ikaonekana inatoka ardhini. Kesingi ilikuwa imepasuka kama mita 272 chini, na ripoti ya uchunguzi ya kampuni ya Blade Energy ya 2019 ikasema kutu ilianzia nje, kwenye maji ya ardhini, na bakteria walihusika.

Walijaribu kukiua, yaani kuizima gesi, kwa kusukuma vimiminika vizito kutoka juu, mara baada ya mara, na kila mara gesi ilivitapika, mpaka shimo likachimbika kuzunguka kichwa cha kisima. Hesabu za uzito na kasi hazikutosha kwa kisima kinachotoa gesi kwa nguvu ile. Mwishowe ilibidi kuchimba kisima cha pembeni, kilianza Desemba, kikakipata kile kibovu zaidi ya mita 2,500 chini tarehe 11 Februari 2016, tarehe 18 kikatangazwa kimezibwa. Takriban tani 100,000 za methani zilikuwa zimeshaenda angani.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Uchunguzi ulikuta kulishakuwa na mivujo ya kesingi zaidi ya 60 kwenye fildi hiyo miaka ya nyuma, na hakuna aliyekaa kuchunguza kwa undani chanzo chake. Walikuwa wanaziba.

Gesi inayovuja lazima itoke kwenye mwamba wa uzalishaji?

Hapana, na ukidhani hivyo utaziba pasipo. Elgin, Bahari ya Kaskazini, Machi 2012, gesi ilitoka kwenye kisima G4 ambacho walishakifunga, na ilikuwa inatoka kwenye tabaka la juu zaidi, sio lile kuu. Watu 238 walihamishwa, kisima kikauawa kwa matope mazito tarehe 15 Mei. Ndiyo maana tunachukua sampuli ya gesi ya anulasi na kuilinganisha, gesi nayo ina kabila lake.

Kwetu Tanzania tuna shida hii?

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na baadhi ya visima vilichimbwa zamani hizo vikasubiri sana, gesi ya Songo Songo ilianza kwenda Dar 2004. Bomba la umri huo, karibu na bahari, lazima lifuatiliwe. Mwaka 2015 na 2016 ilikuja rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, Songo Songo kufanya wokova, yaani ukarabati, kwenye visima vya zamani na kuchimba kipya. Wokova, sio wokovu, ingawa mwenye kisima anaona ni kilekile. Msimamizi wa visima ni PURA, iliyoundwa na sheria ya petroli ya 2015. Uganda ni PAU, Kenya ni EPRA.

Tunaishi jirani na kisima, maji yetu ya kunywa yako salama?

Kesingi ya kwanza, ile pana, inawekwa hasa kulinda maji yenu na inatakiwa isimentishwe mpaka juu. Tundu likiwa kwenye bomba la ndani, gesi bado ina ukuta mwingine wa kuvuka. Hatari inakuja kuta zote zikichoka. Ukiona maji ya kisima chako yana mapovu yasiyoisha, usiwashe kiberiti kujaribu kama watu wa video, chukua sampuli yapimwe. Na ukisikia harufu ya mayai viza karibu na mtambo ondoka kwanza kwa kuukata upepo pembeni, halafu elekea upepo unakotoka, usisubiri harufu iishe, maana gesi hiyo ikizidi inaua pua kwanza, unadhani imeondoka kumbe ndiyo imejaa.

Mnachukua muda gani?

Ukijua tundu lilipo, skwizi moja ni siku tatu nne. Usipojua, rudi kwenye kisa changu. Gharama kubwa ni kukodi rigi, inahesabiwa kwa siku, ikiwa imesimama ama inafanya kazi.

Lini mnasema basi?

Kesingi ikiwa imeliwa urefu mrefu, umeziba tatu zimefumka mbili, na gesi iliyobaki hailipi. Hapo tunaweka plagi za simenti ngazi kwa ngazi, tunahakikisha na nyuma ya kesingi kuna simenti, tunakata juu, tunafukia. Hata hiyo inapimwa.

Nina kisima cha maji Kigamboni, maji yamegeuka chumvi, skwizi itasaidia?

Kesingi yako ni ya plastiki, presha zetu zitaipasua. Ila kutafuta ni kulekule. Mwite mwenye kamera ya kushusha aangalie maungio, maana chumvi ikiingia kwenye ungio la juu hiyo inatibika, unashusha bomba jembamba ndani na kujaza simenti katikati. Ikiwa inatoka chini kwa sababu umevuta maji mengi mpaka ya bahari yamesogea, hakuna kiraka, punguza pampu kwanza uone baada ya wiki chache.